Mbona hii ya bati huipigi?

Bibi alikua kasimama mlangoni kwake, kiganja juu ya macho kuzuia jua, ananiangalia tu. Mi nimepiga goti kwenye vumbi upande wa pili wa kiwanja, nahangaika na kamera, nimelenga tembe ya zamani, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambayo siku hizi wanalala mbuzi.

"Mjukuu wangu, banda la mbuzi hilo utalipiga mpaka saa ngapi?"

Nikamwambia bibi, hii nyumba ni nzuri sana, chuoni tunafundishwa hizi.

Akacheka kwanza. Halafu akapiga ukuta wa nyumba yake kwa kiganja, tofali za kuchoma, juu bati jipya linawaka mpaka macho yanauma. "Na hii niliyoijenga mimi kwa alizeti yangu, misimu mitatu, mbona huipigi?"

Nikaipiga bana. Picha moja, haraka haraka, ya heshima. Na yeye aliona kabisa kwamba ni ya heshima.

Hiyo ilikua kijiji kimoja upande wa Bahi, kanipeleka rafiki yangu niliyesoma nae sekondari. Wiki zimepita, nimesharudi chuo, lakini lile swali linanijia nikiwa kwenye daladala, nikiwa studio nachora, nikiwa naosha vyombo. Nimeona bora niliandike.

## Mwezi wenyewe

Nasoma usanifu majengo Dar, nyumbani ni Dodoma, Area C. Likizo ndefu ya mwaka huu sikutaka kukaa nyumbani kuangalia tamthilia na mama, nikajipangia mwezi wa kuzunguka kanda ya kati: Dodoma yenyewe, Kondoa, Singida, Bahi, Manyoni, halafu treni mpaka Tabora. Kazi ilikua kuangalia majengo, kuangalia mpira popote ntakapoukuta, kusoma, na kupiga picha za mkanda.

Ndio, mkanda. Mjomba alikua anapiga picha za harusi na kipaimara miaka hiyo, akaniachia Zenit E yake, ile ya Warusi, nzito ukimpiga nayo mtu unaenda jela. Haina betri hata moja. Kipimo chake cha mwanga kilishakufa zamani kwahiyo unatumia kanuni ya wazee: jua likiwa kali, tundu la lenzi weka 16, spidi weka inayokaribia namba ya mkanda. Mkanda wangu ni wa 400, spidi ya mwisho ya Zenit ni 500, tumemaliza. Dodoma mwezi wa tisa jua halibadiliki toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, unaweza ukapiga siku nzima bila kugusa kitu.

Mkanda mmoja picha 36, na mikanda ni ghali, hapa hauipati hovyo, unamwagiza mtu. Kwahiyo kila picha unajiuliza hii inastahili?

Na hapo ndo bibi aliponishika, maana nilishajibu kabla sijafika kwake. Tembe inastahili, bati halistahili. Nani aliniambia hivo?

## Tembe ya kwenye slaidi

Chuoni tembe inapendwa sana. Lekchara akiweka ile slaidi ya nyumba ya Kigogo darasa zima linatulia. Na kiukweli ni jengo la akili. Nguzo za miti migumu zimechimbiwa, katikati fito na udongo, juu magogo yamelazwa, juu ya magogo matawi na nyasi, halafu udongo mzito unashindiliwa. Paa ni bapa kabisa, mvua za Ugogo ni chache na zinakuja miezi michache tu, udongo unatosha. Vyumba vimezunguka ua, milango inaangalia ndani, ng'ombe wanalala katikati. Mchana ule udongo wa juu unachelewa kupata moto, usiku unachelewa kupoa. Juu ya paa unaanika uwele na mtama. Mwenye ng'ombe anayetaka alale usingizi wakati wa wizi wa mifugo, angejenga nini kingine?

Ukiingia ndani ndo unaelewa zaidi, na ndo unaanza kuelewa kwa nini watu wametoka. Hii ya kwa bibi niliingia nimeinama. Paa linakugusa kichwa. Dirisha hakuna, kuna kitundu tu, macho yanachukua muda kuzoea, kisha unaona magogo yamekua meusi tii kwa moshi wa miaka, na kwenye pembe moja magogo mawili mchwa wamekula mpaka yamebaki kama mkate wa jana. Bibi aliniambia mvua kubwa ikinyesha usiku walikua wanahama chumba hadi chumba na watoto wamebebwa, matope yanadondoka kwenye chakula. Na nyoka wanapenda sana paa la udongo.

Slaidi haina nyoka.

Kitu kingine kilichonivuruga ni kitabu. Nilikua nimebeba nakala chakavu ya historia ya Wagogo ya Mathias Mnyampala, iliyotoka 1954. Mnyampala ndo yule yule tunayemjua kwa ngonjera, ila watu wanasahau alikua mtoto wa hapa hapa Ugogo. Anapanga koo moja moja, hawa wametoka wapi, watemi wao kina nani, na ukisoma unagundua Wagogo wengi ni watu wa kuja, koo zimetokea Uhehe, Unyamwezi, huku na kule, wakakutana kwenye hii nyika wakawa kitu kimoja. Na tembe nayo si ya Wagogo peke yao, Wahehe walijenga, Warangi, Wasandawe, Wanyaturu, Wairaqw mpaka juu huko.

Sasa kama watu walikuja wakaikubali tembe kwa sababu ilikua inawafaa, wakiiacha kwa sababu haiwafai tena, mimi nalia nini?

Hilo nililisoma kwenye benchi la stendi Manyoni nikisubiri gari, nikafunga kitabu nikabaki naangalia watu wanaouza asali.

## Upande wa jua

Niruke kwenye mpira kidogo maana huko ndo nilianza kuona kitu kingine.

Kabla sijaondoka Dodoma nilienda uwanja wa Jamhuri kuangalia Walima Zabibu, Dodoma Jiji yetu. Timu imepanda Ligi Kuu 2020 na mpaka leo ipo, tunapumulia juu juu lakini tupo, tuheshimiwe. Mechi saa kumi jioni. Nilikata tiketi ya mzunguko kwa sababu ndo hela niliyokua nayo.

Kama hujawahi kukaa mzunguko Jamhuri saa kumi kasoro, ni hivi: jua linakuja usoni moja kwa moja, watu wamejifunika maboksi, magazeti, wengine fulana wamevaa kichwani, kuna jamaa alikua na mwavuli na alikua ni mtu maarufu kuliko mshambuliaji. Ng'ambo kule jukwaa kuu lina paa, watu wamekaa wamekunja nne. Mpira ni ule ule, dakika 90 zile zile. Wanakaa karibu zaidi na katikati na viti vyao ni vizuri, sawa, lakini ukiniuliza mimi niliyeungua, ile tofauti ya bei kati ya tiketi yangu na ya kwao ilikua ni bei ya kivuli.

Nikaja nikaona tena kwenye ndondo, kijiji kimoja njia ya Kondoa. Uwanja hauna hata benchi. Mashabiki wote wamejazana upande mmoja chini ya mikwaju, upande wa pili hakuna mtu kabisa, mpira ukitoka huko anafuata golikipa mwenyewe. Hakuna msanifu aliyewapangia wakae pale.

Singida nako nilifika Liti, ule uwanja ambao wengi bado wanauita Namfua. Hiyo ya timu za Singida kubadilisha majina siwezi kuieleza hapa, leo Singida United, kesho Big Stars, mara Fountain Gate, mara Ihefu inatoka Mbeya inakua Singida Black Stars, ukilala ukiamka uulize kwanza. Hapakua na mechi. Mlinzi kaniruhusu niingie nipige picha ya jukwaa tupu, nikapiga, na nimekuja kuisafisha ni picha mbaya kuliko zote.

## Kolo

Kondoa nilienda kwa ajili ya michoro ya miambani, Kolo, ile iliyoingizwa UNESCO 2006. Mary Leakey, yule mwanaakiolojia, alikaa pale miaka ya 50 anainakili. Nilitegemea nitashangaa michoro, na nilishangaa, wale watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu, wanyama, vitu ambavyo mpaka sasa wataalamu wanabishana vina umri gani.

Lakini nilichokaa nacho muda mrefu ni mwamba wenyewe. Unapanda kilima jua linakuchoma mgongo, ukiingia tu chini ya ule mwamba ulioinama baridi inakupokea shingoni. Unakaa, unaona bonde lote chini, wewe huonekani. Upepo unapita. Wenyeji bado wanakuja kutambika hapo. Ningekua mtu wa miaka elfu iliyopita natembea hiyo nyika, ningekaa hapo hapo, na nikishakaa nina muda, nachora.

Giza lilikua linasumbua kamera, spidi 30 tundu limefunguka lote, nimejibana kwenye jiwe nisitikisike. Anayeongoza wageni akawa ananicheka. "Simu yako si inapiga?" Inapiga ndugu yangu. Inapiga vizuri kabisa.

## Mzee wa behewa

Manyoni nikapanda treni ya zamani, reli ya kati ya Mjerumani, kwenda Tabora. Nilitaka niende Kwihara nikaone tembe aliyokaa Livingstone 1872. Nitaisema haraka: ni nzuri, ina mlango wa nakshi wa watu wa pwani, kuta nene, pamepoa. Ni makumbusho. Wanaoingia ni sisi wenye kamera.

Kilichonisaidia ni safari. Nimekaa na mzee mmoja fundi ujenzi, amejenga toka miaka ya 70, nikamsimulia habari ya bibi na tembe yake nikijua ataniunga mkono. Akaniuliza, "We kijana unajua tembe moja inakula miti mingapi?" Sikujua. Akaanza kunihesabia kwa vidole nguzo, magogo ya paa, fito, halafu akaniuliza leo hiyo miti nikaikate wapi nisikutane na bwana misitu. Akaniuliza na watu wa kunyanyua magogo. Zamani unapika pombe, kijiji kinakuja, jioni paa limekaa. Siku hizi vijana wako Dodoma mjini wanaendesha bodaboda, aliyebaki anataka hela ya siku. "Bati analeta mtu mmoja na baiskeli."

Nikanyamaza. Mpaka tunafika Itigi nilikua bado natafuta la kumjibu.

Akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. Alisema yeye alikuwepo wakati wa Operesheni, watu wanahamishwa kwenye vijiji vipya. Dodoma tulitangulia, Operesheni Dodoma ilikua 1971, kabla hata ile ya nchi nzima haijapamba moto. Kule kwenye viwanja vipya nyumba zilipangwa kwa mstari kufuata barabara, na kampeni ilikua ni nyumba bora. Tembe ina ua katikati na ng'ombe ndani, haikai kwenye mstari. Kwahiyo, kasema mzee, nyumba ya bati haikuja peke yake, ilikuja na barabara. Mtu akajenga uso wa nyumba uangalie barabarani, jua linatokea wapi linazama wapi hiyo haikua hoja.

## Africafe kwenye ndoo

Mikanda ya rangi niliipeleka Dar studio. Ya nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe, kwa kahawa. Sitanii. Kahawa ya unga ya kuyeyuka, soda ya kufulia, vitamini C, basi, inatoa picha. Wazungu kwenye mitandao wanahangaika kutafuta kahawa ya robusta ya bei rahisi kwa sababu eti inafanya kazi vizuri zaidi, sisi tuna Africafe kila duka, ya Bukoba, kwenye robusta yenyewe. Inanuka vibaya, mama kanifukuza jikoni nikahamia bafuni. Shida ya Dodoma ni maji: dawa inatakiwa iwe nyuzi 20 hivi, maji ya bomba yanatoka ya moto, nikawa naweka ndoo kwenye barafu ya mifuko ya jirani anayeuza. Fiksa, dawa ya kufanya picha isifutike, hiyo lazima ununue, kahawa haiwezi kila kitu.

Nikaning'iniza mkanda, nikasogeza taa.

Kwenye negativu mambo yamegeuka, kilichong'aa kinakua cheusi. Bati la bibi lilikua doa jeusi kabisa, limejaa. Lakini chini yake, ukutani, kulikua na mstari mwembamba mweupe umeenda urefu wote wa nyumba. Kivuli cha ukingo wa bati. Upana wake hauzidi hatua moja. Nikachukua kioo cha kukuzia.

Ndani ya huo mstari alikuwepo bibi, miguu ameivuta ndani. Pembeni yake jirani anapepeta kitu kwenye ungo. Ndoo ya maji. Mtoto kalala kwenye kanga. Kuku wawili, na wao wamejipanga ukutani. Ndoo, kuku, watu, vyote kwenye mstari mmoja, na kiwanja chote kilichobaki hakina kitu. Na mlango wa nyumba nzuri, nyumba ya alizeti ya misimu mitatu, uko wazi, ndani hakuna mtu, kwa sababu saa sita mchana chini ya bati bila dari hakukaliki.

Picha ya tembe ilitoka nzuri sana kwa macho. Watu wameipenda. Haina mtu hata mmoja.

Hapo ndo nikaacha kubishana na bibi kichwani. Sidhani tena kwamba tembe inatakiwa irudi, na wale wanaochora hoteli za watalii zenye umbo la tembe ya saruji mimi nawaambia wazi hiyo ni mapambo. Tembe ilijibu maswali ya watu wenye miti, wenye ng'ombe wengi na wenye majirani wa kunyanyua magogo. Bati linajibu maswali ya mtu mwenye hela ya msimu na hana mtu wa kumsaidia, linamkingia na mvua ya kunywa. Ila kuna kitu tembe ilikua nacho ambacho bati limekiacha njiani, mahali pa kukaa mchana, na hicho hakihitaji udongo wala magogo. Kinahitaji ukingo wa bati utoke nje zaidi. Na kinahitaji nyumba igeuzwe.

Maana nimechora nyumba ya bibi kwa kumbukumbu: imelala kaskazini kwenda kusini, uso magharibi. Uso wote unapigwa na jua la jioni, kwa sababu barabara iko magharibi. Ukiilaza mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu zinaangalia kaskazini na kusini, na huku kwetu nyuzi 6 tu kusini ya ikweta jua linapita karibu na utosi, basi kibaraza cha kawaida kinakupa kivuli karibu siku nzima. Kugeuza nyumba kabla ya msingi ni bure.

Halafu nikajichekea, maana mji wenyewe una kesi hiyo hiyo. Ule mpango kabambe wa kwanza wa makao makuu wa 1976, waliochora ni kampuni ya Toronto, Kanada, ulitaka mji usio na majumba marefu, watu watembee kwa miguu, mabasi yawe na njia zake. Mtu wa kutembea kwa miguu Dodoma anahitaji nini cha kwanza? Leo toka nje Nyerere Square saa saba utembee mpaka Sabasaba uje uniambie. Majengo mapya yamejaa vioo, ndani AC, nje watu wamejipanga kwenye kivuli cha nguzo ya umeme.

## Projekti

Nimeipeleka kama projekti ya semista hii. Nyumba ya bati ya kijijini, fundi yule yule, tofali zile zile, ila imegeuzwa na ina kibaraza cha mita mbili upande mmoja. Supavaiza kaiangalia kimya muda mrefu, kaniuliza maswali mawili. La kwanza, nani ataenda kumwambia mwenye nyumba aipe barabara ubavu wakati majirani wote wameipa uso? La pili, BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama, iko wapi, hiyo mita mbili inalipwa na nani?

La kwanza sina jibu. Nadhani mlango unaweza ukabaki upande wa barabara, ubavuni, na mapambo ya mbele yote yakahamia pale, lakini hilo mpaka nikakae na wenyewe.

La pili nilimpigia simu fundi mmoja wa mtaa wa Majengo anipigie hesabu, kenchi zirefuke, nguzo nne, bati geji 30 za kuongeza, fasha bodi. Akanipa jumla. Halafu akasema mdogo wangu, kwa hela hii mteja wangu ataniambia niongeze chumba, chumba kinapangishwa, kivuli nani atakipangisha?

Nikamwambia mbona Jamhuri wanakiuza kila mechi.

Akasema basi nikawajengee Jamhuri.